Mwiko wa Kuazima

Kabla ya kutoka nyumbani kwake Kifanya, Mikaeli Boay hupapasa mifuko mara mbili. Mara ya kwanza anatafuta kisu chake cha kubebeshea miche. Mara ya pili anatafuta bahasha ya nailoni yenye karatasi zake: kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo cha Uwemba kilichochanika kwenye mkunjo, na barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri wa zambarau. Watu wengine wa Kifanya huenda Makambako na nauli tu. Yeye ana miaka arobaini na mmoja, amezaliwa kijiji hichohicho, na hajawahi kuvuka mpaka wowote wa nchi. Hata Tunduma anaisikia kwa madereva. Lakini ana pua.

Pua hiyo ndefu na nyembamba aliachiwa na baba yake, pamoja na ngozi yenye wekundu, nywele laini na kimo kinachomlazimu kuinama kwenye milango ya watu. Baba yake alikuwa Mwiraqw wa Mbulu aliyekuja kusini kupasua mbao, akamwoa Teodora, binti wa Kibena, na kabla mtoto hajatimiza miaka minne akaangukiwa na mti. Huko Mbulu uso kama wa Mikaeli hauulizwi chochote. Umejaa minadani na makanisani. Huku, kwenye barabara kuu iendayo Zambia, ambako malori huwapitisha watu wa Ethiopia wakiwa wamefunikwa maturubai, uso uleule ni shitaka. Mipaka mingi ya dunia hulindwa hivyo: jicho linatangulia, sheria inafuata nyuma ikihema.

Ijumaa hiyo asubuhi alikuwa kibarazani akipurura majani kwenye vikonyo vya parachichi, vijiti vichanga vya urefu wa penseli ambavyo angekwenda kuvibebesha, yaani kuviunga, kwenye miche ya kikundi cha akina mama Makambako. Vikonyo mia tatu. Binti yake Asteria, wa darasa la nne, alikuja akasimama mbele yake na sare ya shule.

"Baba, Jumapili tumealikwa kwenye kipaimara cha akina Joackim. Wakigawa nyama wataniuliza mwiko wetu. Niseme nini?"

Mikaeli aliendelea kupurura. "Nenda kwa mama yako akufunge nywele."

"Zimeshafungwa."

"Basi nenda shule."

Si kwamba hakuwa na jibu. Alikuwa nalo, lakini lilikuwa la kuazima.

Kwa wazee wa Kifanya, kila ukoo una kitu ambacho hauli. Hawa hawali figo, wale hawali ndege fulani, wengine hawagusi mnyama aliyekufa na mimba. Mwiko hutoka kwa baba kwenda kwa watoto, na kwenye karamu wagawaji nyama huuliza kwanza ndipo wapakue. Ni adabu, usimpe mgeni kitakachomdhuru. Ni uzio pia, maana anayeulizwa mwiko anaulizwa baba yake ni nani.

Mikaeli alikuwa na miaka sita alipoulizwa kwa mara ya kwanza. Mama mmoja mkarimu, mwenye upawa mkononi, aliinama akamwuliza. "Sina," mtoto akajibu. Wanawake wakacheka.

"Sina ndiyo nini? Asiye na mwiko anakula kila kitu."

"Hata watu," akadakia mwingine.

Haikuwa chuki. Ulikuwa utani wa jikoni, na waliousema waliusahau kabla sufuria hazijaoshwa. Ila watoto walikuwa wanasikia, na kwa miaka miwili walimkimbia njiani wakipiga yowe kwamba Boay anakula watu. Chuki nyingi ukizifuata hadi chimbuko lake hukutani na adui. Unakutana na mama mwema anayegawa nyama.

Aliyemwokoa alikuwa mjomba wake Anania, kaka wa Teodora, aliyewachukua mama na mtoto baada ya msiba. Alimvuta Mikaeli nyuma ya ghala la mahindi, akachuchumaa.

"Kuanzia leo huli moyo. Wa ng'ombe, wa mbuzi, wa kuku, hata wa sungura. Ukiulizwa, sema moyo."

"Kwa nini moyo, mjomba?"

"Kwa sababu mimi sili moyo."

Miaka thelathini na mitano Mikaeli hakuutia moyo mdomoni. Alipokua alielewa kwamba wazee wa ukoo hawakuwahi kuketi juu ya jambo lile, na kwamba kwenye vikao vya ukoo yeye huketi karibu na mlango pamoja na wakwe. Je, ule mwiko alipewa, au alitulizwa tu kama mtoto anayepewa muwa aache kulia? Alitamani kumwuliza Anania. Teodora alikuwa amekwisha kufa, Anania amefika miaka sabini na minne, na swali lilikuwa bado halijaulizwa, kwa sababu mwulizaji aliogopa jibu.

Saa nne alishuka stendi ya Makambako, mfuko wa vikonyo begani, vimefungwa kwa gunia bichi. Bustani ya miche ilikuwa pembeni mwa barabara ya Mbeya, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hakujua kwamba usiku uliopita lori lilikuwa limemwaga watu kwenye msitu wa misindano na kukimbia, na kwamba walinzi wa mtaa walikuwa barabarani tangu alfajiri.

"Wewe! Mrefu! Simama hapohapo."

Walikuwa watatu, wenye marungu. Aliyeita alikuwa mzee wa rika la Anania, amevaa koti zito la kijani lenye kifungo kimoja: Elieza, mkuu wa walinzi.

"Kamwene, mzee," Mikaeli alisema, kwa salamu ya Kibena.

"Na salamu wameshamfundisha," Elieza aliwaambia wenzake. "Fungua mfuko."

Kijana mmoja akavuta gunia, akaona vijiti vya kijani visivyo na majani, vimefungwa vitita vitita. Macho yakamtoka. "Mirungi! Mzee, mirungi!"

"Ni vikonyo vya parachichi," Mikaeli alisema. "Mimi ni fundi wa miche. Majani huondolewa ili visikauke. Tafadhali visikae juani."

"Ushahidi haupangiwi pa kukaa."

Wakampeleka ofisi ya mtaa. Vikonyo vikatandazwa juu ya saruji mbele ya mlango, kwenye jua, kila kitita peke yake.

Ndani alikuwapo mtu amekaa sakafuni, mwenye umri wa miaka kama thelathini, midomo imepasuka, kiatu kimoja. Alipomwona Mikaeli akiinama mlangoni, uso ulimfunguka. Alisimama, akaanza kusema haraka haraka kwa lugha ambayo Mikaeli hakuelewa hata neno, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili kama mtu aliyemwona kaka.

Mikaeli aliuvuta mkono wake. "Simjui huyu! Sijawahi kumwona!"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alilisema kwa sauti kubwa kuliko chumba kile, na yule mtu, ambaye hakujua Kiswahili, alilielewa. Alirudi sakafuni taratibu, akatazama ukuta.

Mtendaji wa mtaa aliitwa Davis, kijana aliyehamishiwa pale kutoka Musoma. Alimwaga bahasha ya nailoni mezani, akapanga karatasi moja moja.

"Zimekamilika mno," alisema. "Mimi ni mtumishi wa serikali na sitembei na cheti cha ubatizo."

"Ungekuwa na uso wangu ungetembea nacho, mheshimiwa."

Davis alimtazama, akarudia kutazama mhuri. Mikaeli akamgeukia Elieza, akaanza kumweleza kwa Kibena: alikozaliwa, mama yake nani, shule gani, mti gani ulimwua baba yake.

Davis aliruka. "Mzee, huyo anasema nini? Si Kihabeshi hicho?"

"Kihabeshi gani? Kibena hicho," Elieza alisema kwa kusitasita. "Tena kizuri kuliko cha wanangu."

"Basi ni Mbena, tumwachie."

"Kasuku naye anasema. Hawa hufichwa kwenye mashamba ya mbao hata mwaka mzima, wanajifunza." Alivuta kiti akakaa mbele ya Mikaeli. "Mke unaye?"

"Ninaye. Aneth. Ni mtu wa Makete."

"Mkinga!" Elieza alipiga paja. "Jamani, nyumba hiyo! Mmoja Mhabeshi, mwingine chuma ulete!"

Walinzi wakacheka, na Mikaeli akacheka nao kidogo, kwa mazoea. Yeye mwenyewe aliwahi kuusema utani huo, kwamba Wakinga hutajirika kwa kuchota fedha za watu kwa dawa, enzi anamchumbia Aneth, na Aneth alicheka. Ulimwisha hamu siku alipomtembelea kwenye meza yake ya maharage sokoni Mjimwema, akamwona mteja anamwambia Aneth aiweke chenji mezani, asimpe mkononi.

Adhuhuri mama ntilie alileta sahani za ugali na nyama za ndani. Elieza hakuwa mtu mbaya. Aliagiza nne, mbili za mahabusu wake. Yule Mwethiopia alitazama sahani, akatikisa kichwa, akaisukuma kando.

"Mwone," Elieza alisema. "Alfajiri amekula maandazi yetu yote, sasa nyama anaikataa. Kiburi kimemjaa hata akiwa na kiatu kimoja."

Mikaeli alinawa, akaanza kula, na bila kufikiri akawa anavitoa vipande fulani na kuviweka ukingoni mwa sahani. Elieza aliuona mkono ule.

"Mbona unachambua?"

"Ni moyo. Mwiko wangu."

Uso wa mzee ulibadilika kama mlango uliofunguliwa. "Mwiko? Sasa hapo unasema kitu! Karatasi zinauzwa, lakini mwiko hauuzwi. Ukoo gani?"

Mikaeli alitaja ukoo wa Anania.

"Kweli kabisa, hao hawali moyo! Nilioa kwao." Elieza alitabasamu, akamsogezea maji. "Na wewe ni wa baba yupi pale?"

Sahani ilikuwa magotini. Nje, mlangoni, Mikaeli aliona vikonyo vikianza kusinyaa ngozi. Angeweza kutaja jina lolote la mzee aliyekufa.

"Baba yangu ni Boay. Ule ni ukoo wa mjomba wangu."

Tabasamu liliondoka. "Mwiko haupiti kwa mama. Mbena gani asiyejua hilo?" Aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Hao mawakala wanaowasafirisha sasa wanawafundisha hadi miiko! Ila huyu wamemfundisha vibaya."

"Mpigie mjomba wangu. Mzee Anania, yuko Kifanya. Namba ipo kwenye simu yangu."

Davis alipiga, akaweka sauti ya juu, akailaza simu mezani. Iliita sana. Hatimaye ikasikika sauti ya mzee anayepaza kwa sababu hasikii vizuri, na nyuma yake jogoo.

"Kamwene!"

"Kamwene, mzee mwenzangu. Naitwa Elieza, mkuu wa walinzi huku Makambako. Tuna mtu hapa, Mikaeli Boay."

"Mikaeli? Amepata nini?"

"Hajapata kitu. Anasema hali moyo kwa sababu ninyi hamli moyo. Nakuuliza mtu mzima kwa mtu mzima. Huyu ni wa ukoo wenu?"

Jogoo aliwika tena. Mikaeli aliacha kutafuna. Swali alilolikwepa maisha yake yote lilikuwa limeulizwa na mtu mwingine, mbele ya marungu matatu. Mjomba akisema ndiyo, atatoka pale akiwa na ukoo, japo kwa uongo. Akisema hapana, hakujua atatoka na nini.

"Mikaeli ni mtoto wa dada yangu Teodora," Anania alisema. "Nimemlea mimi. Baba yake alikuwa Boay wa Mbulu, mpasua mbao, aliangukiwa na mti hapa kwetu. Kaburi lipo. Njooni mlione."

"Nimekuelewa. Lakini sijauliza hayo. Nauliza mwiko."

Kikohozi.

"Hana," Anania alisema. "Kwetu hana mwiko. Nilimwazima."

Elieza alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Ee mzee, mwiko unaazimwa kama jembe?"

"Nilimwona mtoto analia."

Kicheko kilikatika. Davis alitazama chini. Elieza alishika kile kifungo kimoja cha koti, kisha akaaga kwa heshima na simu ikazimwa.

"Mwachieni," alisema. "Mwenye kusema uongo angesema ndiyo, yakaisha." Akamsogezea Mikaeli sahani yake, na sauti sasa ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayelipa fidia. "Kula basi, ndugu yangu. Mjomba amekufungua mwenyewe. Huna mwiko. Kula yote."

Vipande vya moyo vilikuwa ukingoni, vidogo, vyeusi. Mikaeli alivitazama. Alikuwa huru kuondoka, alikuwa huru kuvila, na neno aliloliogopa tangu utotoni lilikuwa limekwisha kusemwa kwa sauti ya juu mbele ya watu asiowajua. *Hana.* Alijishangaa kuona kwamba mkono haukwenda kwenye vipande vile.

Aligeuka. Yule mtu wa sakafuni alikuwa bado anatazama ukuta, sahani yake haijaguswa. Mikaeli akaenda akachuchumaa mbele yake, akaionyesha ile nyama kwa kidole, akainua mabega: kwa nini? Yule mtu alimtazama kwa muda, kama anayepima iwapo atakataliwa tena. Kisha alichomoa shingoni uzi mweusi wenye msalaba mdogo wa mbao. Akaelekeza kidole kwenye kalenda ya duka la pembejeo iliyotundikwa ukutani. Alikipitisha juu hadi chini kwenye safu ya Ijumaa, akaenda kwenye Jumatano, akafanya vivyo hivyo, akagusa midomo yake, akatikisa kichwa.

"Leo Ijumaa," Mikaeli alisema bila kugeuka. "Kwao Ijumaa na Jumatano hawali nyama. Si kiburi, mzee. Huyu ana mwiko."

Elieza alikuwa ameishi miaka sabini na zaidi akijua kwamba mwiko ndio unaomtenganisha mtu na asiye mtu wa kwao. Alimtazama yule mgeni mwenye kiatu kimoja kana kwamba ameingia sasa hivi.

"Ana mwiko," alisema polepole. Akaenda mlangoni, akapaza sauti kwa mama ntilie: "Lete maharage! Sahani moja!"

"Mbili," Mikaeli alisema.

"Lakini wewe si umeshaambiwa..."

"Mbili, mzee."

Walikula maharage sakafuni, wawili, bila maneno. Katikati ya chakula yule mtu aliweka mkono kifuani, akasema, "Tesfaye." Mikaeli naye akaweka mkono kifuani, akataja jina lake. Hayo ndiyo mazungumzo yote waliyofanya. Gari la kumchukua Tesfaye lilikuja saa tisa, na maharage hayakubadili lilikompeleka. Alipokuwa anapandishwa aligeuka, na safari hii Mikaeli ndiye aliyetangulia kutoa mkono.

Vikonyo alivikusanya kutoka kwenye saruji kimoja kimoja. Zaidi ya nusu vilikuwa vimekufa. Bustanini, Feliciana, mwenyekiti wa kikundi, ambaye alikuwa akiwasiliana naye kwa simu tu, alimwona akiingia getini akarudi hatua moja nyuma.

"Fundi? Ni wewe?" Alijikaza kutabasamu. "Sauti yako na uso wako havifanani."

"Naambiwa hivyo," Mikaeli alisema, akatoa kisu. Alibebesha vile vilivyobaki hai, mia moja na kumi na vinane, akifunga kila kiungo kwa nailoni kwa uangalifu uleule wa siku zote, na jioni, kabla jua halijazama, alikaa kwenye benchi la stendi akampigia Anania.

"Wamekuachia?" mzee alipaza.

"Wameniachia, mjomba."

"Nisamehe. Niliulizwa na mtu mzima. Nisingeweza."

"Ulisema kweli."

"Umekula?"

"Maharage."

"Hawakukupa nyama?"

"Walinipa. Moyo ulikuwemo. Sikula, mjomba. Waliniambia nile, mkono ukakataa."

Upande wa pili ilisikika pumzi ya mzee.

"Asteria aliniuliza leo asubuhi," Mikaeli aliendelea. "Keshokutwa wana kipaimara kwa akina Joackim. Anataka kujua aseme nini."

"Umemjibu nini?"

"Sijamjibu."

"Sikiliza," Anania alisema. "Mimi siwezi kukupa cha baba yangu. Nilijaribu, nikakuponza. Lakini mwiko hutoka kwa baba. Huyo mtoto hana baba?"

Nje kidogo ya Makambako gari la kumrudisha Kifanya lilisimamishwa. Askari aliingia, akawapita watu kumi na wanne bila kuwauliza neno, akasimama mbele ya Mikaeli. "Kitambulisho." Mikaeli akatoa bahasha ya nailoni, kama kawaida, akangoja karatasi zisomwe zote, kama kawaida.

Asteria alikuwa hajalala alipofika. Alikuwa jikoni na mama yake, anachambua maharage ya kupeleka Mjimwema kesho. Mikaeli hakuvua hata koti.

"Moyo," alisema. "Jumapili wakikuuliza, sema sisi hatuli moyo."

Aneth aliacha kuchambua. Mtoto aliinua uso, pua ileile ndefu ya Mbulu ikimulikwa na moto.

"Sisi akina nani, baba?"

"Akina Boay."